Grupu la watengeneza programu: msimbo (maandishi ya programu) tuuweke mbali na maongezi, au tuuache humo humo?

nyamagana_dev aliandika:

Wakuu salaam. Naleta jambo linalotugawa kwenye grupu letu la Telegram hapa Mwanza. Tunapiga kura wiki ijayo, na kabla ya hapo nataka kusikia kutoka kwa wenye uzoefu.

Grupu lilianza na wanafunzi wachache wa chuo waliokuwa wanasaidiana Python na PHP, lugha za kuandikia programu. Sasa lina watu wa kila namna: walimu, mafundi simu, wanaohudumia mifumo ya hospitali na SACCOS, watu wa Bukoba na Musoma, na wenzetu kadhaa walioko Muscat. Mtu anauliza swali, mwingine anabandika msimbo mrefu usioisha, watatu wanajibu, katikati linapita tangazo la kazi, kisha linatua faili la zip lililoandikwa mfumo_mpya_mwisho2. Baada ya siku mbili mtu anauliza "ile programu ya risiti iko wapi?" na unaanza kupandisha meseji. Ukiipata unakuta ziko tatu, na hakuna anayejua ipi ndiyo iliyorekebishwa.

Telegram nayo ina mambo yake. Juzi mwenzetu aliandika darasa la Python (class, yaani kiolezo cha kutengenezea vitu) linaloitwa Risiti, akalibandika kama meseji ya kawaida. Mnajua pale panapoandikwa `__init__`, jina ambalo Python inalitafuta ili kupokea thamani za kuanzia, vistari viwili kila upande. Telegram inavisoma vistari hivyo kama agizo la kulaza herufi. Kwa hiyo kilichotokea grupuni ni neno init limelala, vistari vimemezwa. Waliokopi wote walipata init tupu, na kila walipojaribu kutengeneza risiti Python iliwajibu kwamba Risiti haipokei thamani yoyote. Kijana mmoja alihangaika nayo jioni nzima akidhani Python yake imepitwa na wakati.

La tatu ndilo linaloninyima usingizi. Mwanachama mmoja alibandika faili zima la mipangilio akiomba msaada, na ndani yake mlikuwa na funguo za siri za API (njia ya programu kuongea na mfumo mwingine) ya malipo ya simu ya mteja wake. Tuliifuta, lakini watu walishaiona.

Mapendekezo yaliyoko mezani ni haya. Wapo wanaotaka msimbo upigwe marufuku kabisa grupuni: kila kitu kiende GitHub (tovuti ya kutunzia msimbo), grupuni yabaki maneno tu. Wapo wanaotaka tutumie mada ndani ya Telegram, moja ya maongezi, moja ya msimbo. Na wapo wanaosema tuache kama ilivyo, tutaua grupu. Mimi naegemea kwenye marufuku, ila sitaki kuamua kwa hasira. Nyie mnafanyaje?

---

kagera_ssh alijibu:

Habari kaka. Mimi nipo Bukoba na ni mmoja wa hao ambao marufuku itawagusa, kwa hiyo naomba nisikilizwe.

Sina laptopu. Najifunzia kwenye simu, naandika Python ndani ya Termux, app ya kuandikia amri kwenye Android. Telegram naimudu hata kwa bando la siku. Kufungua ukurasa wa GitHub kwenye simu, kuingia akaunti, kutengeneza hazina (mahali pa kutunzia mradi), kupandisha faili, halafu kurudi grupuni na kiungo, yote hayo ili niulize kwa nini kitanzi changu cha mistari saba (msimbo unaojirudia) hakisimami? Nitaacha kuuliza. Na wapo wengi kama mimi ambao hawasemi chochote humo lakini wanasoma kila swali na kila jibu, na ndivyo wanavyojifunza. Msimbo ukihamia kwenye viungo, wao watabaki wanasoma "angalia hapa", "nimerekebisha, angalia tena". Hawatajifunza kitu.

Kuhusu vistari kumezwa, dawa ipo na haihitaji marufuku. Ukizungushia msimbo wako alama ``` tatu mwanzoni na tatu mwishoni, Telegram inauacha kama ulivyo. Kuna kingine ambacho hujakitaja: baadhi ya simu, hasa iPhone, zinageuza alama za kunukuu zilizonyooka kuwa zilizopinda unapoandika. Kwa macho huoni tofauti, lakini Python inagoma na kukutajia U+201C, namba ya alama iliyopinda. Ukiona namba hiyo usitafute kosa kwenye akili yako, futa alama za kunukuu uziandike upya, na uzime hiyo mipangilio ya kibodi.

Kama kuna kitu cha kupiga marufuku, pigeni marufuku picha. Mtu anapiga picha skrini ya laptopu kwa simu, imepinda, nusu ina mwanga wa dirisha, halafu anasema "nisaidieni". Siwezi kukopi, siwezi kujaribu, na picha imekula bando langu.

---

mzee_wa_seva alijibu:

Mkuu nyamagana_dev, swali lako liliulizwa kabla wengi humu hawajazaliwa, na waliolijibu walilijibu vizuri. Nivumilieni, nitaandika kirefu.

Usenet, mtandao wa zamani wa makundi ya majadiliano, ilianzishwa mwaka 1979 na kuanza kutumika 1980, kazi ya Tom Truscott na Jim Ellis wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani. Humo kulikuwa na kundi la kugawiana programu lililoitwa net.sources. Yaliyotokea humo ndiyo yanayotokea kwenu. Mtu anaweka programu, chini yake zinafuata "asante sana", "kwangu haifanyi kazi", "nani ana toleo la mashine fulani?", na mabishano juu yake. Mkumbuke kwamba wakati ule meseji nyingi zilisafiri kwa modemu, kompyuta moja inaipigia nyingine usiku simu zikiwa nafuu. Kila meseji ilikuwa bili ya taasisi fulani. Binti wa Kagera anapolalamikia bando, analalamikia kitu kile kile kilichowasumbua wao.

Walichofanya ni kuunda kundi jingine, mod.sources, lenye msimamizi. Programu inakwenda kwake kwanza, anaikagua, ndipo anaitoa kwa wote. Makundi yalipopangwa upya na kubadilishwa majina mwaka 1986 na 1987, likawa comp.sources.unix. Maongezi yakapewa nyumba yake, comp.sources.d. Aliyetafuta programu alikwenda comp.sources.wanted, aliyeona hitilafu alikwenda comp.sources.bugs. Hakuna aliyefukuzwa, kila jambo lilipata mlango.

Angalieni na namna walivyohifadhi. Perl, lugha ya programu ya Larry Wall, ambayo toleo lake la kwanza ni la Desemba 1987, ilipopita comp.sources.unix mwanzoni mwa 1988 ilipewa Juzuu ya 13, namba 1 mpaka 10. Ilikatwa vipande kwa sababu meseji kubwa zilikuwa hatarini kupunguzwa njiani na mashine zisizozimudu. Kila kipande kilikuwa maandishi matupu, ukikipitisha kwenye shell (programu inayopokea amri) kinajifungua chenyewe na kuwa faili. Faida yake ni kwamba mtu wa Australia na mtu wa Uholanzi wakitaja Juzuu ya 13 namba 4, wanazungumzia maandishi yale yale, herufi kwa herufi. Hicho ndicho mlichokosa Mwanza. Mna risiti tatu na hamna namba.

Kwa hiyo nasema tenganisheni. Lakini mpaka msiuweke kwenye urefu wa msimbo, na hapa nasimama na binti wa Kagera kwa miguu yote miwili. Mwulize mwenye msimbo swali hili: je, kuna mtu atakuja kuubadilisha? Kama yupo, msimbo huo unahitaji makazi yenye historia, uwe mistari kumi au elfu kumi. Kama hayupo, kama ni ushahidi tu wa swali, ubaki pale pale kwenye swali, maana ukiuondoa swali linakufa. Stack Overflow, tovuti ya maswali ya watengeneza programu, wanalijua hili. Wanataka msimbo uwemo ndani ya swali lenyewe, na ukijaribu kuweka kiungo cha jsfiddle (tovuti ya kujaribia msimbo) bila msimbo wowote, mfumo unakataa kupokea. Viungo vinakufa. Google walitangaza mwaka 2015 kwamba wanafunga Google Code, ghala lao la miradi ya msimbo, mwaka uliofuata ikafungwa, na majibu mangapi mtandaoni yaliyosema "msimbo uko hapa" yakabaki yanaonyesha mlango uliofungwa.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma. Kazi yangu ni mifumo ya hospitali, kanda ya Arusha. Nimeona magrupu mengi yanatenganisha vizuri kabisa halafu yanakufa kifo kingine. Msimbo unakwenda kwenye hazina yake, unapendeza, lakini kila badiliko limeandikwa "marekebisho", "marekebisho tena", "sawa sasa". Sababu za mabadiliko hayo zimebaki kwenye meseji za Telegram ambazo hakuna atakayezipata. Mwaka mmoja baadaye anakuja kijana mwenye bidii, anakuta mstari unaozuia dozi fulani kwa mtoto chini ya uzito fulani, anauona wa ajabu, anaufuta. Hajui kwamba daktari aliuomba mstari huo kwa sababu maalumu, kwenye maongezi. Sisi tunaiita hitilafu ya programu. Aliyeko wodini analipa kwa mwili wake.

Angalieni OpenMRS, mfumo wa rekodi za wagonjwa, wanavyofanya, maana ni mradi wa kwetu kwa kiasi kikubwa. Ulianza mwaka 2004 kwa ajili ya rekodi za wagonjwa wa VVU, na Eldoret, Kenya, ndiko ulikoanza kutumika kliniki mwaka 2006. Maongezi yao yana jukwaa lake, msimbo uko GitHub, na kazi zinaorodheshwa kwa tiketi, yaani maombi yenye namba. Sehemu tatu tofauti, lakini zimefungwa pamoja kwa namba. Badiliko la kiini cha mfumo linaanza na namba ya tiketi yake, TRUNK kisha tarakimu. Ukikutana na mstari usiouelewa, unaangalia historia yake, unaona namba, unafungua tiketi, unakuta nani aliomba na kwa nini. Mtu anaweza kuwa Kampala na mwingine Kigali, hawajawahi kuonana, na wakaelewana.

Kwa hiyo, mkuu, kura yenu isiishie kwenye "tutenganishe au tusitenganishe". Pigieni kura namba pia. Bila namba, heri mbaki na vurugu mliyonayo, maana humo angalau msimbo na sababu yake viko jirani.

---

kiraka_kwa_barua alijibu:

Shikamoo mzee_wa_seva. Nimejifunza, lakini naomba kupinga kidogo.

Mradi ambao kila mwenye Android humu anautembeza mfukoni ni kiini cha Linux, yaani sehemu ya ndani inayoendesha kifaa, na wao mpaka leo wanajadili msimbo na kuutuma kwenye barua zile zile. Ukitaka kubadilisha kitu unaandaa kiraka, yaani mistari iliyotolewa na iliyoongezwa tu, unakituma kwa barua pepe kwenye orodha husika. Mwongozo wao unasema kiraka kiwe ndani ya barua yenyewe kama maandishi matupu, si kiambatisho. Sababu yake ni ya kazi: anayekikagua anabonyeza jibu, barua inanukuliwa, naye anaandika maoni yake chini ya mstari ule ule anaoupinga. Sababu na msimbo viko kwenye karatasi moja. Kiraka kikikubalika, amri ya `git am` ya Git, chombo cha kutunza historia ya msimbo, inakichukua kutoka kwenye barua na kukiingiza kwenye historia pamoja na maelezo ya mwandishi. Git yenyewe inaendelezwa hivyo hivyo, na PostgreSQL, programu ya hifadhidata, nao hujadili viraka kwenye orodha yao ya barua pepe.

Mimi nipo Mombasa, nimewahi kutuma viraka vidogo vya madereva (drivers, programu zinazoendesha vifaa vya kompyuta) kwa njia hii, na nakuhakikishia hakuna shule iliyonifunza kama kusoma maoni ya watu chini ya viraka vya wengine. Hiyo elimu ingepotea kama msimbo ungefichwa nyuma ya kiungo. Ndilo analolisema huyo dada wa Bukoba.

Ninachopendekeza kwa Mwanza: programu nzima isibandikwe grupuni, hapo nakubali. Lakini badiliko libandikwe, lijadiliwe mbele za watu. Mstari wenye alama ya kutoa na mstari wenye alama ya kuongeza, ndani ya zile ``` tatu. Ni mistari michache, haimalizi bando la mtu.

---

mzee_wa_seva alijibu:

Marahaba mwanangu. Hatupingani sana. Hata Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, alipotangaza kazi yake tarehe 25 Agosti 1991 kwenye comp.os.minix, kundi la Usenet, aliandika maneno tu, akiuliza watu wangependa kuona nini. Toleo 0.01 lilipotoka Septemba, liliwekwa kwenye seva ya FTP (ya kupakulia mafaili) ya Finland, ftp.funet.fi. Na ilipofika 2005 wakakosa chombo walichokuwa wanatumia kutunzia historia, ndipo akaandika Git, kwa sababu barua peke yake haikuweza kuwaambia toleo kamili ni lipi. Kitu kizima kina ghala lake, badiliko linajadiliwa hadharani. Nalikubali pendekezo lako, na ni bora kuliko langu kwa grupu la wanaojifunza.

Niongeze kuhusu zile funguo za malipo, naona hakuna aliyeligusa. Kufuta meseji hakutoshi. Kuhamisha msimbo GitHub nako hakutibu, kunaweza kuongeza ubaya: ukipandisha faili lenye siri kisha ukalifuta kesho yake, siri bado imo kwenye historia, na zipo programu zinazozunguka mtandaoni kutwa kucha zikitafuta funguo za namna hiyo. Mwanachama wenu afute funguo zile kwa mtoa huduma na achukue mpya, leo, hata kama anadhani hakuna aliyezikopi. Na siri zisikae ndani ya msimbo. Zikae kwenye faili la .env ambalo limetajwa ndani ya .gitignore, orodha ya mafaili ambayo Git inayaruka, ili lisipande kamwe.

---

nyamagana_dev alijibu:

Wazee wangu, dada yangu wa Bukoba, nawashukuru kwa dhati. Nilikuja na marufuku, naondoka bila hiyo. Nimempigia simu yule mwanachama, funguo zimebadilishwa mchana huu.

Nitakachopeleka kwenye kura ni hiki. Maswali na vipande vya msimbo vinabaki grupuni, lazima viwe ndani ya ```, na picha za skrini hazipokelewi isipokuwa kosa lenyewe linahusu mwonekano. Programu yoyote ambayo zaidi ya mtu mmoja anaitumia inahamia kwenye hazina moja ya grupu, na nimepata watu watatu wa kusaidia wenye simu tu: wao watume faili, hawa watatu watapandisha kwa niaba yao na kuandika jina la mwenyewe. Kila badiliko lijadiliwe grupuni kama kiraka, lipewe namba, na namba hiyo iandikwe kwenye historia pamoja na sentensi moja inayosema kwa nini. Mada mbili za Telegram nimeziacha. Nimejaribu na wenzangu, tukaona watu wanafuatilia mada moja tu na swali linatengana na jibu lake.

Limebaki moja. Yale mafaili ya zip yaliyojaa grupuni, naweza kuyapandisha yote kwenye hazina ili tuanze na kitu? Wengi wa walioyaandika bado wapo, wachache wameshaondoka.

---

kiraka_kwa_barua alijibu:

Usiyapandishe kabla ya kuuliza. Mtu kuweka msimbo kwenye grupu hakumpi kila mmoja haki ya kuusambaza. Pasipo leseni, haki zote ni za mwandishi. Kwenu Tanzania kuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, nayo inazilinda programu za kompyuta kama inavyolinda kazi za maandishi. Mwulize kila aliyepo, kwa maandishi, kama anakubali na kwa leseni gani. MIT ni fupi na wengi wanaielewa. GPL inamlazimu anayesambaza programu iliyobadilishwa kutoa na msimbo wake. Faili la LICENSE liwemo tangu siku ya kwanza, na jina la mwandishi liwe juu ya faili lake.

Za walioondoka, watafuteni. Mkimkosa mtu, iacheni ya kwake ilipo, andikeni upya.

---

kagera_ssh alijibu:

Mimi ndiye niliyeandika ile ya kuhesabu ada za wanafunzi, ile ya kwenye zip ya pili. Naruhusu, MIT. Ila toleo mlilonalo grupuni lina kosa kwenye malipo ya nusu muhula. Nakutumia lililorekebishwa jioni pamoja na kiraka chake, tuanze nalo kama namba 1.